Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: huyu anayeambiwa "hakuna ishara ya saratani" nani anamlinda?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni damu, kuitoa, kuizungusha kwenye mashine, kuipima na kuandika majibu, na nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu hili jambo linakuja kwa kasi na likishazoeleka mtaani kulirekebisha itakuwa shughuli. Naongelea hivi vipimo vipya vya damu vinavyosemwa vinagundua saratani nyingi kwa mpigo kabla hata mtu hajaanza kuumwa. Watu wanavitaka sana, na nawaelewa kabisa, maana nani asiyetaka kuujua ugonjwa mapema? Wala sikuombi uvipige marufuku. Ninachoomba ni kwamba kabla hujatia saini kuviruhusu uangalie karatasi ya majibu inamwambia nini yule ambaye hajaonekana na kitu, maana huyo ndiye ninayemuhofia zaidi, kuliko hata yule aliyeambiwa kuna kitu.

Kipimo chenyewe kinafanya kazi hivi. Seli za mwili zinakufa kila siku na zikifa zinaacha vipande vya DNA kwenye damu, hilo linajulikana tangu 1948 pale Mandel na Métais kule Ufaransa walipoviona kwa mara ya kwanza. Seli za saratani nazo zinaacha vya kwao, na vinakuwa na alama za kikemikali tofauti na za seli zenye afya, kwahiyo mashine inasoma zile alama halafu kompyuta inakadiria vimetoka kiungo gani. Ni sayansi nzuri mno, mimi binafsi inanifurahisha. Ila uvimbe mdogo unamwaga vipande vichache sana, na vingi vinavyoelea humo ni vya chembe nyeupe za damu. Sisi tunaoshika chupa tunalijua hili, damu ikikaa muda mrefu kwenye chupa ya kawaida zile chembe nyeupe zinapasuka na kumwaga DNA yake, basi ile plazma ya njano unayoikuta juu baada ya kuzungusha inakuwa imeshachafuka ingawa kwa macho huoni kitu, ndiyo maana vipimo hivi vina chupa zake maalum zenye dawa ya kuzuia seli zisipasuke. Sasa humo ndimo unapotafuta dalili ya uvimbe wenye ukubwa wa punje ya harage.

Ndiyo maana namba zake ziko hivi zilivyo. Chukua Galleri, kipimo cha kampuni ya GRAIL ya Marekani ambacho ndicho kinachosemwa zaidi. Kwenye utafiti wao uliotoka 2021, katika kila watu 100 wenye saratani hatua ya nne, yaani imeshasambaa mwilini, kilikamata kama 90, lakini kwa wale wa hatua ya kwanza, yaani hawa hasa tunaowatafuta, kilikamata kama 17 tu. Halafu kuna utafiti wa PATHFINDER uliochapishwa 2023, huu ulipima watu 6,621 wa miaka 50 na kuendelea kwa toleo la awali la kipimo hichohicho. Walioambiwa damu yao ina ishara walikuwa 92, na kati yao waliokutwa na saratani kweli ni 35. Wale 57 waliobaki walihangaishwa na picha za skani na vipimo juu ya vipimo, nusu yao ilipita zaidi ya miezi mitano ndipo wakaambiwa hakuna kitu. Miezi mitano mtu analala na neno saratani kichwani, Mheshimiwa, hebu fikiria.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni upande wa pili wa utafiti huohuo. Ndani ya mwaka mmoja watu 121 kati ya wale waliopimwa walikutwa na saratani, na 86 kati yao kipimo kilikuwa kimewaambia hakuna ishara. 86! Walikuja kugundulika kwa vipimo vya kawaida kama mamogramu, ile picha ya matiti, au kwa sababu waliumwa wakaenda hospitali. Kwahiyo wale walikuwa na bahati kwamba waliendelea kwenda. Na yule atakayeona karatasi yake safi akasema mimi nimeshapima yote, sirudi tena, je?

Hilo nimeliona kwa macho yangu, na wala siyo kwa kipimo kipya, ni kwa hizi paketi za viashiria vya saratani, yaani protini za kwenye damu ambazo baadhi ya saratani huzipandisha, ambazo tayari zinauzwa kwa watu wazima wa afya, CEA, CA-125, AFP, vyote kwenye bomba moja la damu. Alikuja mama mmoja mtu mzima, kachoka, macho meupe, damu imemuishia mwilini. Nilipomuuliza akasema anaona damu kwenye choo muda mrefu. Nikamuuliza mama yangu mbona hukuja mapema, akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika, akanionyesha kwa kidole mstari wa CEA ulioandikwa "kawaida". Akaniambia, "Mwanangu, mimi saratani walishaniambia sina." Kolonoskopi, ile kamera ya kuangalia utumbo, ilikuja kuikuta saratani kwenye utumbo mpana. CEA inaweza kuwa ya kawaida kabisa na uvimbe upo, sisi wa maabara tunajua, madaktari wanajua, ila yule mama nani alimwambia? Aliyemuuzia paketi hakumwambia, na karatasi yenyewe haikusema.

Na hata kuona mapema peke yake hakutoshi. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, wengine wakipimwa CA-125 kila mwaka kutafuta saratani ya ovari, na matokeo ya 2021 yakaonyesha saratani nyingi zaidi zilionekana katika hatua za mwanzo lakini vifo havikupungua. Tofauti na hapo, Hong Kong walipima damu ya wanaume zaidi ya 20,000 kutafuta DNA ya kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na saratani ya nyuma ya pua, wakapata wagonjwa 34 na karibu robo tatu yao walikuwa hatua ya kwanza au ya pili, wakati zamani ilikuwa mmoja kati ya watano. Kule kulifanikiwa kwa sababu walitafuta saratani moja kwa watu ambao wanaipata sana, na mtu akionekana na kitu hatua inayofuata ilijulikana tangu siku ya kwanza, anaangaliwa kwa kamera puani na MRI, basi.

Kwahiyo atakayetaka kuuza vipimo hivi aonyeshe kwanza mtu mwenye ishara atapelekwa wapi na nani atamfuatilia mpaka mwisho, na mtu mwenye dalili asiuziwe kabla hajaonwa na daktari, hayo naamini wataalamu wako watakuambia vizuri kuliko mimi. Mimi langu ni ile karatasi. Kanuni zikiandikwa, lazimisha kila jibu lisiloonyesha kitu libebe maneno haya, kwa lugha anayoisoma mgonjwa, juu kabisa, kwa herufi kubwa kama za jina lake:

"Kipimo hiki hakijaona ishara ya saratani kwenye damu yako. Hii haimaanishi kwamba huna saratani. Endelea na vipimo vyako vya kawaida. Ukiona damu, uvimbe, kukonda bila sababu au maumivu yasiyoisha, nenda kwa daktari na usisubiri."

Yakihitaji kurekebishwa, yarekebishwe, ila yasishushwe chini kwenye maandishi madogo.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi wa maabara