Barua kwa Vijana Wavuvi wa Dagaa, Mwaloni Kirumba

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia siku hizi za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa imepumzika nanyi mmejaa vibandani pale mwaloni, kwa sababu neno langu linahusu siku hizi kuliko zile za giza. Usiku ziwani wavuvi wote hufanana: huwasha taa, husubiri dagaa waufuate mwanga, huvuta wavu. Tofauti ya mtu na mtu huonekana nchi kavu, anapobaki na hela mfukoni na mawazo yake kichwani.

Nilipokuwa kijana, nikivua huko Ukerewe kwa karabai, nilikuwa na kauli moja niliyoirudia: hela ya ziwa haikai. Niliiokota kambini, nikaisema kwanza kwa utani kila nilipoamka sina kitu. Kwa kuwa niliamini haikai, sikuona sababu ya kuiweka. Kwa kuwa sikuiweka, haikukaa. Na ilipokosa kukaa nikajiona nimesema kweli. Miaka ilivyokwenda kauli hiyo ikatoka kwenye hela ikaingia kwenye kila kitu changu, hata ahadi nazo zikawa hazikai kwangu. Nilikopa nikijua sitalipa. Nilimpunguzia tajiri wangu hesabu ya ndoo, na mama watoto wangu, aliyekuwa akiuza mihogo ili watoto wale, nikamwambia nitatuma giza lijalo, giza baada ya giza.

Fikra ya namna hiyo huenea kama magugumaji, nanyi mnayajua. Yalipoingia ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, yalikuwa majani yanayoelea yenye maua ya kupendeza, lakini kila mmea ulizaa mwingine ubavuni mwake, hata baadhi ya ghuba zikazibwa na mitumbwi ikashindwa kutoka. Mbegu zake hulala kwenye tope kwa miaka mingi, ndiyo maana kuyang'oa mara moja hakuyamalizi. Kijana anayeapa leo kwamba ameacha, kisha akarudi mwezi ujao, asijione amelaaniwa. Aliing'oa fikra iliyokwisha kuangusha mbegu, na kazi yake ni kurudi kung'oa.

Mimi nilirudi mara nyingi. Kambini tulikuwa na mwenzetu ambaye, kabla mtumbwi haujagusa mchanga, alikuwa amekwisha kuipa hela yake kazi: hii ya bati, hii ya ada. Tulimcheka sana (wavuvi hatuna huruma kwa mtu wa hesabu), mpaka siku alipotualika tukale kwake chini ya paa lililotimia. Ndipo nikaanza kumuiga, kwanza kwa aibu, nikinong'ona peke yangu kwenye makasia.

Sisemi kwamba fikra hujaza wavu. Bei ya dagaa hupangwa na wengine, mafuta hukatwa kabla ya mgawo, na upepo haumuulizi mtu anawaza nini. Anayewaambia kwamba umaskini wenu wote umetoka vichwani mwenu anawaonea. Ninachosema ni kuhusu ile sehemu ndogo inayofika mkononi, na maneno mnayojiambia inapofika.

Basi kabla giza halijaingia, kila mmoja ajisikilize: ni kauli gani huisema asubuhi akipewa mgawo wake? Jioni hizi nipo chini ya mwembe, karibu na vichanja. Anayetaka kuniambia yake na aje, hata ikiwa ya aibu. Yangu mmekwisha kuisoma.

Ni mimi babu yenu, mvuvi mstaafu,
Kirumba, Mwanza