Mama, mwambie fundi asubiri

Columbus, Ohio
12 Machi 2025

Mama yangu, shikamoo.

Sisi wazima, wajukuu zako wazima, baridi imeanza kulegea. Leo tumefunga ya 12. Ile hela ya futari naamini Mama Mdogo alishakukabidhi yote, na kama hajakukabidhi yote niambie.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kazini, nikadhani sikusikia vizuri. Kumbe nilisikia. Mjomba Seif kakaa kikao na wakwe zangu wa zamani, wamekunywa kahawa yako, wamemaliza kashata zako, wakakata shauri kwamba watoto wawili, wazazi wawili, kila mmoja aandike mmoja kwenye kodi yaishe. Na wewe ukaitikia. Mama!

Basi nikueleze, maana uliambiwa nusu. Na ndiyo sababu bati za paa lako hazijaja.

Huku kila mwaka, mwisho tarehe 15 Aprili, mtu anapeleka hesabu zake IRS, wakusanya kodi wa huku, ndiyo TRA yao. Kwa hesabu za mwaka 2024, mwenye mtoto wa chini ya miaka 17 anapunguziwa kodi hadi dola 2,000 kwa kila mtoto, na sisi wenye mishahara midogo tunaongezewa na nyingine juu yake. Ndiyo hiyo rifandi, hela ya kodi ya kurudishiwa, niliyokuahidi tangu Novemba. Lakini mtoto mmoja haandikwi na watu wawili. Mimi nilichelewa wiki mbili tu nikisubiri karatasi ya mshahara. Nilipotuma, ikarudi: namba za Salma na Idrisa zimeshatumika. Baba yao kawaandika wote wawili, kimya kimya. Na Jumapili yake alikuja kuwachukua, akanywa na chai yangu.

Nilipompigia akasema, "Mimi ndiye baba, ubini ni wangu." Haya, kwetu ndivyo, mtoto ni wa kwa baba hata kama baba mwenyewe hajui anavaa kiatu namba ngapi. IRS hawaulizi ubini. Wanauliza mtoto alilala wapi. Unahesabiwa usiku mmoja mmoja, mwaka mzima, na aliyelaza mtoto usiku mwingi zaidi ndiye mwenye haki ya kumwandika. Wakilingana, anachukua mwenye kipato kikubwa.

Hapo ndipo alipojiona mjanja. Mwaka jana ulikuwa na siku 366. Kagawa: 183 kwake, 183 kwangu, na yeye kule ghalani analipwa kunizidi. Hata mimi nilikosa la kusema. Maana ni kweli, wiki moja naingia kazini usiku mara tatu, wiki nyingine mara nne, na usiku huo watoto wanalala kwake.

Kesho yake nikaenda maktaba, kuna dada anajitolea kuwajazia watu fomu bure. Akanionyesha kifungu ambacho baba Salma hakukifikia: mzazi anayefanya kazi usiku hupimwa kwa michana aliyokaa na mtoto, usiku anasamehewa. Na siku ya shule, mtoto anahesabiwa yupo kwenye nyumba iliyoandikishwa shuleni. Iliyoandikishwa ni yangu. Saa moja asubuhi natoka kazini, saa moja na nusu nimeshawachukua, namfunga Salma nywele, nawapeleka. Wakirudi wananikuta. Yeye kawapa godoro, shukrani zake nampa.

Kwa hiyo nimetuma upya, safari hii na namba ya siri ya tarakimu sita wanayotoa IRS wenyewe. Mwaka huu ukiwa nayo wanapokea, hata kama mtoto kashaandikwa na mwingine. Sasa wanaweza kutuandikia wote wawili, aliyekosea arekebishe. Akikaza shingo, tutatakiwa kuleta ushahidi: barua za shule, za daktari, zenye anwani na tarehe. Ninazo zote, zimo kwenye ule mkoba wa kijani ulionishonea. Ila mambo hayo ni ya miezi.

Sasa hilo la mmoja mmoja. Ipo fomu, namba 8332. Anayeishi na mtoto akiisaini, mwenzake anaruhusiwa kumwandika. Hata wakae masheikh wote wa Tanga, bila sahihi yangu pale shauri lao halifiki popote. Na nikisaini, yeye anapata ile 2,000 ya mtoto basi. Unafuu wa mkuu wa kaya, na ule wa wenye kipato kidogo, haumfuati. Shemeji, ndugu yake, hakuwaambia hilo, au na yeye hajui. Mimi sikatai moja kwa moja. Idrisa ningemwachia, kwa mwaka mmoja mmoja, kama angekuja kuniomba kwa mdomo wake badala ya kupitia kikao cha huko Ngamiani. Viatu vya baridi vya Idrisa kanunua nani? Zile dola 300 zake za matunzo ya watoto za kila mwezi naziandika kwenye daftari: mwezi wa nane hakuleta, wa kumi na moja kaleta 150. Sisemi ni mtu mbaya. Watoto wanampenda.

Na wewe uliuliza mbona nisikuandike wewe, kwani si unanitegemea? Nilicheka mpaka mwenzangu kazini akashtuka. Lakini niliuliza, Mama, wallahi niliuliza. Tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au basi awe anaishi Kanada au Meksiko. Tanga haimo. Hata mtoto wa Rehema ninayemlipia ada hamo. Chochote ninachotuma huko, kwao IRS ni zawadi, hakinipunguzii kodi hata senti. Miaka tisa, zawadi.

Ya furaha: Januari nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi, mara ya kwanza tu kukaa. Mwezi wa nne mshahara unapanda. Na Salma kaongoza darasa zima hesabu, cheti kipo mlangoni mwa friji. Mpe habari hizo mama mkwe wangu wa zamani, mbele ya watu, kwa sauti. Mgongo unaniuma kidogo, si kitu.

Jana nilipika mihogo ya nazi. Mihogo ya barafu kutoka duka la Wasomali, nazi ya kopo. Idrisa akasema tamu. Maskini, hajui. Mimi niliizungusha mdomoni nikiwaza uji wako wa pilipili manga, na ule mkeka wa barazani.

Fundi mwambie asiezue paa, masika hiyo imefika. Mshahara mpya ukiingia nitatuma kwanza bati za upande wa jikoni. Geji 28, siyo 30, asikudanganye. Mjomba Seif msalimie, na kikao kijacho waniite na mimi, simu yangu wanayo. Ila wasipige kabla ya saa tisa alasiri ya huko. Kabla ya hapo niko kazini, au njiani nawapeleka watoto shule.

Mwanao,
Zuhura