Kabla hujaiuza hiyo TS9

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na hiyo amplifaya mpya. Nimekisikiliza kile kipande ulichonirekodia na nimeelewa kwa nini umekasirika. TS9, ile pedali yako ya ovadraivu (ya kukwaruza sauti) ya ukoo wa Tube Screamer, uliyoizoea miaka yote mbele ya amplifaya ya valvu, leo ikiingia kwenye mashine ya kidijitali inayoiga amplifaya, inakwangua masikio kama kisu kwenye sufuria. Juu ya hayo, kuna mtu amekwambia uiuze, eti pedali halisi na amplifaya za kuiga hazipatani. Huyo amesema nusu ya ukweli, na nusu yenyewe hajui ni ipi.

Ni kweli kwamba ndani ya mashine yako tayari mna nakala ya Tube Screamer, na huenda ni nakala nzuri. Lakini mahesabu yanayoiga amplifaya hayaulizi wimbi limetoka wapi. Liwe limetoka kwenye nakala au kwenye pedali iliyo sakafuni, wimbi likiwa kubwa zaidi modeli (yaani nakala ya amplifaya iliyo ndani ya mashine) itaanza kukwaruza mapema, kama ambavyo amplifaya inayoigwa ingefanya. Kazi hii ya kuiga haikuanza juzi. Kampuni ya Line 6 ilitoa amplifaya ya kuiga AxSys 212 mwaka 1996 na kifaa cha POD mwaka 1998, na wakati huo wapiga gitaa walikuwa wamekwisha kukanyaga ovadraivu kwa takriban miaka ishirini. Ingekuwa ajabu watu wasanifu modeli ya amplifaya bila kufikiria pedali itakayowekwa mbele yake.

Shida yako naishuku iko mlangoni, pale wimbi la gitaa linapoingia kwenye mashine. Valvu ya kwanza ya amplifaya ya zamani ikisukumwa sana huanza kulipinda wimbi taratibu, na sikio hulipenda pindo hilo. Mashine yako haina ustahimilivu wa namna hiyo. Kabla wimbi halijafika kwenye modeli, ni lazima lipimwe na kugeuzwa kuwa namba, kwa kawaida mara 48,000 au zaidi kila sekunde, na kipimo hicho kina dari. Wimbi likigonga dari, kichwa chake hukatwa papo hapo, tambarare. Mkwaruzo unaozaliwa hapo si wa amplifaya ya Marshall wala ya Fender, na ukipunguza gaini (kiwango cha ukuzaji) ya modeli hauondoki, kwa sababu uharibifu umekwisha kutokea kabla modeli haijaanza kazi.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Zima kila kitu ndani ya mashine, amplifaya na efekti zote, washa pedali, piga nyuzi kwa nguvu kuliko unavyopiga siku zote, kisha tazama taa au kipimo cha mlango wa kuingilia. Ikiwaka nyekundu, au ukisikia mkwaruzo ambao haupo kwenye pedali yenyewe, umempata mwizi. Mashine nyingi zina mpangilio wa kupunguza nguvu mlangoni, usiuguse kwanza. Anza na nobu ya Level ya pedali, ile ya ukubwa wa sauti inayotoka.

Ila TS9 peke yake sidhani kama ingeweza kuleta vurugu yote hiyo. Ina diodi, vijenzi vidogo vinavyolibana wimbi lisipande zaidi ya takriban nusu voltu kila upande, kwa hiyo hata ukiifungua sana ina adabu zake. Nilichokitilia shaka ni ile busta uliyosema umeiunga baada yake. Busta safi haina diodi za kuibana. Kazi yake ni kukuza tu, na ikipewa voltu 9 inaweza kutoa mawimbi ya voltu kadhaa. Ikipewa 18, zaidi. Mbele ya valvu hiyo ni raha tupu. Mbele ya kipimo chenye dari, ni kesi. Itoe, usikilize tena.

Sasa tuje kwenye jambo ninalolipenda zaidi, nawe utanivumilia kwa sababu najua unapenda kufungua pedali na kuchungulia ndani. Wengi huichukulia Tube Screamer kama chombo cha kuongeza mkwaruzo. Mimi naiona zaidi kama chujio. Katika sehemu inayokuza wimbi mna rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.047, na viwili hivyo vikiwa pamoja vinaweka mpaka kwenye Hz 720 hivi. Juu ya mpaka huo, pedali inakuza karibu mara 12 Drive (nobu ya mkwaruzo) ikiwa sifuri, na karibu mara 118 ikiwa imefunguliwa yote. Chini ya mpaka, ukuzaji unapungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo noti za besi hazikwaruzwi sana. Baadaye saketi ya Tone inapunguza trebo, yaani sauti za juu. Kinachobaki kimejitokeza ni sauti za kati, zile zinazoipa gitaa nafasi yake kwenye bendi, kati ya besi na matoazi.

Ukishalijua hilo, hutaitumia tena kwa namna ile ya kwenye rekodi yako. Umechagua modeli safi kabisa, ya amplifaya ya Roland JC-120 kama sikosei, kisha ukaipa pedali Drive saa tisa, yaani imefunguliwa sana. Pale mzigo wote wa mkwaruzo unabebwa na diodi mbili, na hakuna kitu nyuma yake cha kuzilainisha kingo. Hata JC-120 halisi ingekupa sauti nyembamba namna hiyo, kwa hiyo usimlaumu kompyuta. Chagua modeli ya Deluxe Reverb ya Fender au AC30 ya Vox, uipandishe gaini hadi ukipiga kwa upole inakuwa safi na ukipiga kwa nguvu inapasuka kidogo. Hapo ndipo uwashe pedali: Drive chini, Level juu kidogo ya nusu. Amplifaya za ukoo wa Fender zina bonde kwenye sauti za kati, na TS9 inalijaza bonde hilo kana kwamba walikubaliana.

Ukitaka ukali zaidi, nenda kwenye modeli ambayo tayari inakwaruza, JCM800 ya Marshall kwa mfano, weka Drive karibu na sifuri na Level juu. Gaini ya modeli unaweza hata kuipunguza. Nyuzi nene zitaacha kuunguruma hovyo na kila noti utaisikia inaanza wapi na kuishia wapi, kwa sababu besi imepunguzwa kabla ya kufika mahali pa kukwaruzwa. Wapiga metali wanafanya hivi na amplifaya halisi tangu zamani, na kwenye modeli inafanya kazi vilevile. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kubaki na pedali.

Jambo jingine, la haraka. Ukisikiliza kwa hedifoni au ukienda moja kwa moja kwenye mikseri, hakikisha modeli ya kasha la spika imewashwa. Spika ya gitaa hushuka ghafla baada ya Hz 5,000 hivi, na kushuka huko ndiko kunakozima mchirizo wa ovadraivu. Bila kasha, pedali yoyote itasikika kama redio iliyokosa stesheni. Na kinyume chake: ukipeleka sauti kwenye spika halisi ya gitaa, izime modeli hiyo ya kasha, la sivyo utasikia kama umefunikwa blanketi.

Kuhusu swali lako kama nakala ya ndani ni bora kuliko ya sakafuni, jibu langu litakuudhi: pimeni kwa sauti iliyo sawa, kisha mseme. Sikio hudanganyika kirahisi, kilicho na sauti kubwa kidogo hulionekea kizuri. Kama mashine yako ina matundu ya send na return (ya kupeleka sauti nje na kuirudisha), unga TS9 hapo, uiweke nakala kando yake mbele ya modeli, na ubadilishane kwa mguu mmoja. Hakikisha tu matundu yamewekwa kwenye kiwango cha gitaa, si cha laini, ambacho ni kikubwa zaidi. Sauti itageuzwa kuwa umeme na kurudishwa kuwa namba tena, jambo linaloichelewesha kwa milisekunde chache ambazo vidole havitazihisi. Mimi binafsi ningebaki na ya sakafuni kwa sababu moja isiyo ya kisayansi: nobu zake nazifikia katikati ya wimbo bila kufungua menyu yoyote.

Ah, na usihangaike na ule mpangilio wa ukinzani wa mlango ulioniuliza. TS9 ina bafa (saketi inayoitenganisha gitaa na vilivyo mbele yake) hata ikiwa imezimwa, hivyo pikapu zako zinaiona pedali, haziioni mashine. Ungekuwa na Fuzz Face, pedali ya mkwaruzo isiyo na bafa, mwanzoni tungekuwa na mazungumzo mengine.

Yale makelele ya juu juu yanayosikika usipopiga chochote, yajaribu kwa kuipa pedali betri ya voltu 9. Yakitoweka, huenda chanzo ni adapta moja inayolisha pedali na kifaa cha kidijitali kwa pamoja, na kila kimoja kipewe yake. Yakibaki, weka geti la kuzuia makelele kabla ya modeli, ila usilikaze hadi noti zinakatwa mkia.

Nirekodie tena usiku wa leo ukipata nafasi: kwanza bila busta, modeli ya Deluxe Reverb, Drive chini; halafu JCM800 pedali ikiwa imewashwa na kuzimwa. Piga kitu kilekile kote, usinibadilishie wimbo katikati kama unavyopenda.

Ni mimi,
Swahiba wako