Huyo Shuttlesworth ni nani

Kwako rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, hofu ni kwako na hayo maandalizi ya safari.

Nimecheka uliposema tiketi yako imeandikwa Birmingham-Shuttlesworth ukadhani ni jina la tajiri aliyejenga uwanja wa ndege. Wala! Fred Shuttlesworth alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, Mmarekani Mweusi, na uwanja ulipewa jina lake mwaka 2008. Kwa kuwa unakwenda kuishi Alabama, afadhali umjue mapema.

Wengi tunamjua Martin Luther King tu. Lakini King alipokwenda Birmingham, mji huo wa Alabama, mwaka 1963 kupigania haki za Weusi, alikuta shamba limeshalimwa. Shuttlesworth alikuwa mchungaji wa kanisa la Bethel mjini humo tangu 1953. Mwaka 1956 jimbo la Alabama lilipopiga marufuku NAACP, chama kilichotetea haki za Weusi, hazikupita siku nyingi yeye na wenzake wakaanzisha chama kingine.

Usiku wa Krismasi mwaka huohuo nyumba yake ikalipuliwa kwa baruti, naye yuko kitandani. Akatoka kwenye kifusi mzima. Polisi mmoja, naye mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, akamshauri auhame mji. Mchungaji akamjibu kwamba Mungu hakumwokoa ili akimbie. Kesho yake akawaongoza watu kwenye mabasi, wakakaa viti vya mbele vilivyotengewa Wazungu. Baruti jana, basi leo! Mimi ningekuwa nimeshafika jimbo la tatu.

Septemba 1957 aliwapeleka binti zake kuandikishwa Phillips, sekondari ya Wazungu. Genge likamvamia kwa minyororo na vyuma vya ngumi. Mkewe, Ruby, akachomwa kisu, na binti mmoja akabamizwa mguu na mlango wa gari. Daktari aliposhangaa kwamba kichwa chake hakikupata madhara makubwa, alijibu kuwa Bwana alijua anaishi mji mgumu, ndiyo maana akampa kichwa kigumu. Jibu hilo hunukuliwa sana, na kweli ni tamu. Ila mimi humfikiria zaidi Ruby. Ushujaa ule waliulipia wote nyumbani, na ndoa yao ilivunjika mwaka 1970.

Tena hakuwa mtu wa kupelekeshwa. Mei 1963, kwenye maandamano ya kupinga ubaguzi, maji ya mipira ya zimamoto yalimbamiza ukutani, akalazwa hospitali. Akiwa huko akasikia King amekubali kusitisha maandamano ili mazungumzo na wafanyabiashara wa mji yaendelee. Akainuka na maumivu yake akaenda kumfokea King ana kwa ana. Wako wanaosema alikuwa na kiburi. Mimi naona alikuwa na haki, maana King angeondoka na yeye ndiye angebaki kuulizwa na watu wa Birmingham. Ingawa hata yeye tangu 1961 alikuwa na kanisa Cincinnati, jimbo la Ohio, akawa mtu wa kwenda na kurudi.

Alifariki tarehe 5 Oktoba 2011, siku moja na Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, na unaweza kukisia ni habari ya nani iliyojaa magazetini.

Jengo la zamani la Bethel lipo bado, mtaa wa Collegeville. Sanamu yake iko nje ya Birmingham Civil Rights Institute, jumba la makumbusho ya harakati za haki za Weusi. Ukishatulia na masomo nenda ukaone, unipigie picha. Na usisahau sweta, mama yako ameniagiza nikukumbushe.

Wako,
Rehema