Mzee aliyeambiwa "subiri" atakata rufaa dhidi ya nini?

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pesa za wazee, hasa yanayompata mzee pesa hizo zikikatika. Mimi ni fundi wa kushona hapa Kikoneni, Kaunti ya Kwale, na ndimi ninayemtunza nyanya yangu mzaa mama. Wasomaji wengi wamelalamika kwamba malipo ya Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kenya wa kuwapa wazee pesa, hucheleweshwa. Ni kweli hucheleweshwa, na wazee huteseka. Lakini hatimaye siku hufika, redio ikatangaza, wazee wakapanga foleni wakapata chao. Mimi nawaandikia wale ambao redio hutangaza, wenzao wakaenda wakapata, wao wakarudi mikono mitupu bila ya mtu kuwaeleza kwa nini.

Mpango huu kwa waliotimiza miaka 70 ulianza kulipa mwaka 2018. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee asiyepokea pensheni, na kwa miaka mingi zilikuwa zikitolewa za miezi miwili kwa pamoja, yaani 4,000. Kuna watakaosema ni kidogo. Kwa nyanya zilikuwa unga, mafuta ya taa na dawa za presha, na kitukuu chake alikuwa akipata ya kununulia kalamu. Hiyo kalamu ndiyo aliyoithamini kuliko vyote. Mtu aliyefanya kazi tangu usichana wake hapendi kuishi kwa kupewa tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kubangua korosho. Huku kwetu wanawake wengi wa umri wake waliifanya nyumbani: unazichoma, unazivunja moja moja kwa kigongo, unatoa kiini kisivunjike. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Walikuwa wakijipaka majivu mikononi, lakini mafuta yale hupenya. Vidole vinababuka, vinapona, vinababuka tena, msimu baada ya msimu. Leo ukikitazama kidole gumba cha nyanya kwa karibu, penye mwanga, hakina hata mstari mmoja. Ni laini na kinang'aa.

Mashine ya alama za vidole katika benki anayolipwa ikamkataa. Karani alijaribu gumba la kulia, akajaribu la kushoto, akampangusa kwa pamba yenye spiriti, akajaribu vidole vyote vilivyobaki. Alikuwa kijana mwenye adabu na simlaumu. "Nyanya, mashine haikusomi. Nendeni ofisi inayohusika na wazee mkapate barua." Tukaenda. Ofisini wakasema hilo ni tatizo la benki. Benki wakasema bila barua hawana la kufanya. Kutoka kwetu hadi Ukunda na kurudi, bodaboda na matatu, sisi wawili hatutumii chini ya shilingi 1,000. Hiyo ni nusu ya pesa za mwezi mzima, nazo hatukuwa tumezipata.

Malipo yakaja yakapita, yakaja tena yakapita. Mwishowe tukaambiwa jina halipo kwenye orodha.

"Limetolewa na nani?"

"Sistimu imelitoa."

"Kwa sababu gani?"

"Hiyo ni Nairobi. Subirini, mtapigiwa simu."

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Neno "subiri" haliandikwi popote, halina tarehe, halina sahihi ya mtu. Ukienda kwa mkubwa wa ofisi kulalamika, atakuuliza nani amekukatalia, lini, na kwa sababu gani, nawe huna karatasi ya kumwonyesha. Wanaokataliwa kwa maandishi wana pa kushika. Anayeambiwa subiri anazungushwa mpaka nauli imwishie akae nyumbani, na kwenye vitabu vya serikali itaonekana hakuna aliyelalamika.

Na sheria ipo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka Serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu. Kifungu cha 57 kinasema mzee apate matunzo na msaada wa kutosha kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Lakini ninachotaka kila mlezi wa mzee akishike ni cha 47: uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haraka na wa haki, na mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi huo apewe sababu kwa maandishi. Kisha bunge lilipitisha sheria mwaka 2015 kutekeleza kifungu hicho. Humo imo kwamba ofisi ikiombwa sababu isizitoe, itachukuliwa kuwa ilitenda bila sababu ya maana, mpaka ithibitishe kinyume chake. Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kijijini ndiye aliyenisomea. Nilimwomba anisomee mara ya pili, kwa sababu sikuamini kwamba haki ya namna hiyo ipo na hakuna ofisi iliyoibandika ukutani.

Basi nikaandika barua. Nilieleza jina la nyanya, nambari ya kitambulisho chake, tarehe ya malipo ya mwisho aliyopata, na nikaomba sababu ya kuondolewa, kwa maandishi. Nikatoa nakala mbili. Nikawaomba wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Aliyekuwa mezani alisita, akaenda kuuliza ndani, akarudi akagonga.

Tangu siku hiyo mambo yakaanza kwenda. Tukaelezwa kwamba mzee ambaye vidole vyake havisomeki anaweza kuandikishiwa mlezi wa kumchukulia. Fomu ikajazwa, mzee wa kijiji akashuhudia, chifu akatia sahihi, ikapelekwa na nakala za vitambulisho vyetu viwili. Nyanya amerudishwa kwenye orodha. Nashukuru, na sitaki ionekane kwamba sina shukrani. Lakini utaratibu huo wa mlezi ulikuwapo siku ile ya kwanza mashine ilipokataa. Kwa nini hatukuambiwa? Ni wazee wangapi wa korosho, wa kokoto, wa jembe, wenye vidole kama vya nyanya, waliokwisha kata tamaa?

Tena pesa za miezi aliyoikosa hakupewa. Nilipouliza nikajibiwa kwa mdomo kwamba "hizo zilisharudi." Zilirudi wapi, kwa amri ya nani? Mzee hakuacha kula miezi ile kwa kuwa jina lake halipo kwenye orodha. Dawa zake tulikopa dukani, na deni hilo bado tunalilipa.

Yupo jirani yetu, mzee wa kiume, mwenye shida nyingine kabisa. Kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa ambao karani wa zamani aliukadiria kwa kumtazama uso, ukamfanya kijana kuliko ndugu yake mdogo. Amepimwa umri katika hospitali ya serikali kama alivyoagizwa. Karatasi za hospitali zimepelekwa, na jibu ni lile lile: subiri.

Naziomba ofisi zinazohusika kila kaunti ndogo zifanye jambo moja ambalo halihitaji bajeti mpya. Mzee akikataliwa, akisimamishwa au akichelewa kuingizwa, apewe karatasi yenye tarehe, sababu, jina la afisa, na mahali pa kupeleka rufaa. Iwe kwa Kiswahili, aweze kusomewa na mjukuu wake. Na mzee akirudishwa kwenye orodha, arudishiwe na malimbikizo yake.

Kwa wanaotunza wazee: andikeni, wekeni nakala yenye muhuri, na msipojibiwa kuna Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo. Chifu na mzee wa kijiji pia wasaidie kuandika, maana wazee wengi hawakupata kusoma, na wajukuu wengi wako Mombasa wakitafuta riziki.

Mimi nimekwisha peleka barua ya pili, ya kudai pesa za miezi aliyoikosa nyanya. Nakala yangu ina muhuri. Naomba ijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu lenyewe ni la kukataa.

Mlezi wa mzee,
Kikoneni, Kaunti ya Kwale