Manesi sio wote, Mhariri

Ndugu Mhariri, ile habari yenu ya wiki mbili zilizopita ya lugha chafu za manesi nimeisoma mara tatu na bado imenikaa kooni. Gazeti lenu nanunua miaka yote pale stendi ya Uyole, sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Wapo wanaotukana akina mama leba, najua, mke wangu yalimkuta. Ila mmeandika kama vile wote ni walewale, na hilo mi silikubali.

Mwanangu alizaliwa njiti, wiki ya 31, kilo 1.3, mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Mama yake alikuwa wodi nyingine na mshono, hawezi kusimama, mi nalala benchi la nje maana wababa haturuhusiwi kuingia. Usiku wa nne umeme ukakata, jenereta haliwaki, mashine ya joto ikazima. Yule sista akatoka na tochi ya simu akaniambia baba, vua koti, fungua shati, twende. Akamlaza mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, ana nepi na kofia tu, akatufunga na kitenge alichotoa kwenye mkoba wake mwenyewe, koti likaja juu. Tukakaa hivyo mpaka alfajiri. Kila masaa matatu anakuja na maziwa aliyoyafuata kwa mama yake huko wodini, anayamimina kwenye bomba la sindano lililoungwa na mpira wa puani, analiinua juu na kusubiri yashuke yenyewe, hasukumi, na huku anaangalia wengine maana watoto walikuwa 14 na yeye peke yake. Kama saa tisa hivi mtoto akaacha kupumua, mi nilidhani kalala, yeye ndo aliona midomo inageuka bluu, akamsugua nyayo kwa kidole, mara mbili tatu, mtoto akavuta pumzi. Akaniambia njiti husahau kupumua, ubongo haujakomaa, ukiona kimya msugue. Sikufumba jicho tena.

Baadaye nikaja kusoma kwamba hiyo njia ya kumlaza njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, inaitwa kangaroo, na ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine zilikuwa hazitoshi. Sasa niambieni, kama kifua cha mzazi ni dawa tangu 1978, kwanini baba anaachwa benchini anapigwa na baridi? Na kazini nilipewa siku tatu tu, ya nne naitwa nirudi, mtoto yuko kwenye mpira! Hayo ndo ya kuandika.

Naomba mtume mwandishi wodi ya njiti, bila kamera, aingie saa mbili usiku atoke saa mbili asubuhi, ahesabu nesi mmoja ana watoto wangapi. Na hospitali ziweke viti vitatu tu vya kuegemea na vitenge sita kwa ajili ya wababa, sio pesa nyingi hiyo.

Mtoto sasa yuko darasa la kwanza. Yule sista niliporudi kumtafuta nikaambiwa kahamishwa, hakuna aliyejua wapi. Dada, kama unasoma hapa, kitenge chako tunacho, kimefuliwa na kimekunjwa, hatujakivaa hata siku moja. Ndaga fijo, asante sana.

Baba wa njiti,
Uyole, Mbeya