Risala ya Wanafunzi wa Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Lamu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazee wa mji, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaamu alaykum.

Kwa niaba ya wanafunzi tunaohitimu leo fani ya ujenzi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa kuwa ofisi yako ndiyo inayopanga viwanja vya makazi, tumeona tukueleze kazi ya msanifu majengo mmoja ambaye mawazo yake yanatugusa sana watu wa Lamu.

Charles Correa, aliyezaliwa India mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, alifanya kazi Bombay wakati mji huo ukifurika watu. Katikati ya miaka ya 1960, yeye pamoja na Pravina Mehta na Shirish Patel walipendekeza mji mpya ujengwe ng'ambo ya bandari, na serikali ilipokubali, Correa akawa msanifu mkuu wake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lililotuvutia zaidi ni makazi aliyoyasanifu huko Belapur, ndani ya mji huo mpya, katika miaka ya 1980, ambako nyumba 7 ndogo huzunguka ua mmoja wa takriban mita 8 kwa 8, na vikundi 3 vya namna hiyo huzunguka ua mkubwa zaidi. Kila nyumba ilisimama peke yake katika kiwanja chake, bila ukuta wa kushirikiana na jirani, ili mwenye kipato kidogo aanze na alichonacho, kisha aongeze chumba kadiri atakavyojaliwa, pasipo kumbughudhi jirani.

Wazo hilo si geni kwetu. Katika mji wetu wa kale, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, binti alipoolewa wazazi walimjengea orofa juu ya nyumba yao, na palipokosekana nafasi walijenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kikaleta mwanga na upepo.

Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ilipofunguliwa mwaka 2021, viwanja vimekuwa mazungumzo ya kila baraza. Tunachokihofia ni ardhi kukatwa vipande vilivyopangwa mstari, kila kimoja na ukuta wake, pasibaki hata uwanja wa kuchezea kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, siku ya harusi au wa kukalia matanga.

Kwa hiyo tunaomba nyua za pamoja zipimwe kabla ya viwanja kugawanywa, na zisajiliwe kwa jina la wakazi wanaozizunguka ili zisinyakuliwe. Tunaomba pia ramani ya nyumba ya kujengwa kwa awamu iidhinishwe mara moja, kwani ada ya kila awamu humkatisha tamaa mwananchi wa kawaida. Nasi tuko tayari kuchora mfano wa nyumba 7 zenye ua mmoja, kwa vipimo vya hapa kwetu, na kuuleta ofisini kwako utakapotupa nafasi.

Tunaomba kuwasilisha.